Nataka Baba Yako Anikimbie

"Usiitaje Kasyelo," nilimwambia Faustina. "Taja chemchemi zote za kata hii, ukitaka ongeza na Mto Kiwira wenyewe. Ila Kasyelo iache."

Alikuwa amechuchumaa mbele ya mwanzi unaotoa maji, ndoo yake nyeupe chini, simu mkononi, akipima ndoo inachukua muda gani kujaa. Kila wiki alifanya hivyo, mvua na jua, katika chemchemi zote za kijiji chetu huku Rungwe. Nilikwisha kujifunza kwamba ndoo ikiwa haijajaa, mwanamke huyu hasikii la mtu. Zamani, anasema mama yangu, hapa Kasyelo ndoo ilijaa kabla hujamaliza kusokota ngata. Sasa ilijaa kwa kusuasua, kama mtoto anayelazimishwa uji.

Nikaitumia nafasi hiyo kumtazama. Ukungu wa asubuhi ulikuwa umeacha vitone juu ya nyusi zake na juu ya kofia yake ya sufu. Juu ya vichwa vyetu milingoti ya baba yangu, yaani mikaratusi, ilisimama mirefu, imenyooka kama askari wa gwaride. Mimi ni kijana ninayegombana na madalali wa viazi kutwa nzima bila kumeza mate. Lakini mbele ya mgongo wa msichana huyu aliyeinamia ndoo, nilisimama kama mwanafunzi aliyechelewa namba.

"Imejaa," alisema hatimaye. Akabonyeza simu, akageuka. "Sasa sema tena. Niiache Kasyelo?"

"Kesho tu. Baadaye kwenye ripoti utaandika unavyotaka."

"Na kesho niwaambie watu nini, Tusa? Kwamba chemchemi nyingine zimenyonywa na miti, ila hii ya nyumbani kwenu inakauka kwa mapenzi ya Mungu?"

"Miti ni ya baba yangu, Faustina!"

"Nani asiyejua ni ya baba yako? Nimeizunguka mwaka wa pili sasa. Naijua kama watoto wa jirani."

"Na kesho baba yako anakuja."

Akaokota kijiti, akaanza kukwangua matope kwenye kiatu chake.

Baba yake, Mzee Kalinga wa Kilolo, ndiye aliyetufunga kamba shingoni. Mwezi uliopita mimi na shangazi yangu tulipanda basi mpaka Iringa, tukapanda tena mpaka Kilolo, tumebeba posa na maneno matamu. Mzee akatusikiliza mpaka mwisho. Akatupa viti, akatupa chakula, kisha akasema: "Mimi posa siipokei kwa masikio, naipokea kwa macho. Siku mwanangu atakapowasomea watu wenu huo utafiti wake, nitakuja kukaa nione. Nikiona anaheshimiwa, rudini na posa yenu. Nikiona dharau, hata ya kidole, naondoka naye siku hiyo hiyo, na habari yenu imekwisha."

Siku yenyewe ilikuwa kesho. Kesho Faustina angesimama mbele ya kijiji chote na kusema kile alichokigundua: jinsi ardhi yetu ilivyogeuka, migomba na kahawa ikaondoka, milingoti na viazi vikaingia, mvua nayo ikaanza kuja kwa kuchelewa kama mgeni asiyealikwa, na chemchemi zikaanza kufa. Na chemchemi iliyokuwa inakufa kuliko zote ilikuwa Kasyelo, iliyozungukwa na miti ya mtu mmoja, Mzee Mwasomola, baba aliyenizaa.

"Baba hajasema ndiyo, wala hajasema hapana," nilimwambia. "Ukimtaja mbele ya watu atasema hapana. Baba yako atamsikia. Tumekwisha."

"Lakini baba yako ananipenda!" Faustina alitupa kijiti. "Wewe unamwona mkali kwa sababu mmefanana. Jana alinikaribisha chakula. Tumekula meza moja, mimi na yeye. Akanitazama usoni akacheka, akasema, 'Wewe Mhehe ni mbishi kuliko mbuzi.' Mtu anayekuchukia hakutanii hivyo."

Moyo wangu ulianguka, puu!

"Alikutazama usoni?"

"Usoni kabisa. Macho kwa macho."

"Mkala meza moja?"

"Tusa, mbona unaniuliza kama polisi?"

Nilikaa juu ya jiwe. Kuna jambo nililokuwa nimemficha kwa sababu ya kiburi changu, na kwa kutumaini siku moja litajirekebisha lenyewe. "Faustina, umewahi kumwona shemeji yangu, mke wa kaka, akiongea na Baba?"

Akafikiri. "Hapana. Huwa anapitia nyuma ya nyumba. Nilidhani wamegombana."

"Hawajagombana. Kwetu Unyakyusa mkwe wa kike na baba mkwe hawatazamani. Hawali pamoja, hawakai pamoja, mkamwana hataji hata jina la baba mkwe wake. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye migomba mpaka mwenzake apite. Ndiyo heshima yetu kubwa. Vijana wa mjini wameiacha, Baba hajaiacha. Siku ile kaka alipomtambulisha shemeji, Baba aliinuka akavuta kofia, akatoka kwa mlango wa uani. Tukapiga vigelegele. Tukajua amempokea."

Nikaona uso wake ukibadilika polepole.

"Kwa hiyo kila alipokaa nami..."

"Alikuwa anasema wewe ni mgeni."

"Kila aliponitazama..."

"Alikuwa ananikatalia mimi. Kila siku, mbele ya macho yangu, huku anacheka."

Nilidhani atalia. Kumbe aliziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka mpaka ndege wakaruka juu ya milingoti. "Na mimi nilivyofurahi! Nikampigia Mama simu, nikamwambia, baba mkwe amenizoea kweli, tunabishana mpaka chai inapoa!" Akapangusa machozi. Kisha akasogea, akasimama mbele yangu. "Basi sikia. Sitaki tena anizoee. Nataka baba yako anikimbie."

"Hatakukimbia kama utaitaja Kasyelo. Twende zetu Mbeya, Faustina. Nitapanga chumba, nitauza viazi sokoni. Asipotaka, abaki na miti yake!" Damu ilikuwa imekwisha kunipanda, na ikinipanda, mimi maneno hunitoka yamepangika yenyewe. Hakuna aliyenifundisha. Nilisimama nikamwimbia pale pale:

*Faustina nakwambia, moyo wangu si wa jiwe,*
*Mito ikikaukia, kisima changu ni wewe,*
*Baba akinizuia, nitasimama mwenyewe,*
*Hata akinichukia, sirudi hadi nipewe!*

Nilingoja asifie. Nilistahili kusifiwa.

"Mstari wa tatu haufai," alisema.

"Una kosa gani? Mizani imekaa!"

"Mizani imekaa. Ni wewe hujakaa." Aliweka kiganja chake kifuani pangu, na kiganja kilikuwa baridi kwa maji ya Kasyelo, lakini pale kilipogusa paliwaka moto. "Mimi sitaki mwanamume aliyewakimbia wazazi wake. Nitazaa naye watoto wasiojua kwao. Na sitaki kuolewa kwa kusema uongo, kwa sababu maji haya yatakauka tu, na siku yakikauka mama yako atateremka mpaka mtoni na ndoo, atasema, mkamwana wangu alijua akanyamaza. Badilisha mstari wa tatu, Tusa."

"Niubadilishe niweke nini?"

"Sijui. Wewe ndiye mtunzi."

Alinitazama. Wallahi sijawahi kutazamwa hivyo, wala kabla wala baada. Yalikuwa macho ya mtu anayekwenda vitani, anayekuaga bila kukwambia kwaheri. Kisha akajitwika ndoo yake, akapanda kilima, akaniacha na harufu ya mlingoti na mstari mbovu.

* * *

Mzee Kalinga alifika asubuhi, amevaa koti refu la mvua na buti zilizong'arishwa. Dada yangu Tumpe alimchungulia dirishani akaninong'oneza, "Kaka, huyo ni baba mkwe au mkuu wa wilaya?"

"Kamwene," nilimsalimia kwa lugha yake, nimeinama.

"Kamwene." Akaniangalia kuanzia viatu mpaka nywele. "Nasikia unatunga mashairi."

"Ndiyo, mzee."

"Yanaliwa?"

"Yanaliwa na moyo, mzee."

"Aa. Kilolo tunakula ugali." Akapita.

Uwanja wa ofisi ya kijiji ulijaa. Madawati yalikuwa yametolewa shuleni, kina mama wamejifunika vitenge kwa baridi, wanaume wameegemea ukuta. Mzee Kalinga akapewa kiti cha mbele upande wa kulia. Upande wa kushoto, mbele kabisa, alikaa baba yangu.

Nilipomwona alivyovaa, nikajua hakuja kwa amani. Juu ya sweta lake alikuwa amevaa fulana ya kijani, iliyopauka kwa kufuliwa, yenye maandishi kifuani: MPANDA MITI BORA. Walimpa miaka ile, walipokuja watu na magari yao wakagawa miche ya milingoti. Baba hakuivaa fulana ile ila Krismasi na kwenye misiba mikubwa. Katika maisha yake hakuwahi kushika cheo wala kusomea kitu. Fulana ile ndiyo ilikuwa shahada yake. Na leo msichana wangu alikuja kumvua.

Faustina alisimama. Nyuma yake palitundikwa turubai mbili zenye picha zilizopigwa kutoka angani, moja ya kijiji chetu cha zamani, moja ya mwaka huu. Watu wakaanza kusukumana.

"Ile si nyumba yetu? Ona bati!"

"Hapo palikuwa na migomba ya bibi yangu."

"Na pale ni wewe unaingia kilabuni, hata angani umeonekana!"

Kicheko kilipoisha, Faustina alianza. Hakutumia maneno makubwa. Aliwaonyesha kijani cha migomba kilivyogeuka kijani kingine, cheusi zaidi, cha milingoti. Akawaonyesha viazi vilivyopanda mpaka ubavuni mwa mlima, na udongo ulivyoanza kuteremka. Kina mama wakaitikia kwa vichwa, maana wao ndio wanaojua maji yako umbali gani. Nikamwona Mzee Kalinga akikaa sawa kwenye kiti. Uso wake ulianza kulegea, kama uso wa mtu anayesikiliza kwaya ambayo mwanawe anaimba sauti ya kwanza.

Ndipo Baba akanyanyua mkono.

"Wewe Mhehe," alisema, na macho yake yalikuwa juu ya macho ya Faustina, hayapepesi. "Redio imesema tabianchi imebadilika dunia nzima. Watu wa viwanda huko kwao wamechafua anga. Sasa miti yangu mimi imechafua nini?"

"Umesema kweli, mzee," Faustina alijibu. "Mvua imebadilika. Inachelewa kuanza, na ikija inakuja kwa hasira, inaondoka na udongo. Hilo mlingoti haukulileta. Lakini mvua iliyonyesha Kasyelo ndiyo hiyo iliyonyesha Nkubi, hapo ng'ambo ya kilima. Watu wa Nkubi waling'oa milingoti kwenye chemchemi yao, wakapanda mivengi, miti yetu ya asili inayotunza maji, na migomba. Kiangazi hiki Nkubi inajaza ndoo yangu wakati Kasyelo haijafika nusu. Mvua ni moja, udongo ni mmoja. Kilichobaki kuwa tofauti ni mti."

"Mlituambia tupande miti!" Baba alijipiga kifuani, juu ya yale maandishi. Sauti yake ilikwaruza. "Walikuja, wakasema pandeni. Wenzangu wakawacheka, mimi nikapanda. Wakanipa hii. Leo mnakuja kuniambia nilikosea?"

Nilitaka kusimama. Tumpe akanishika suruali kwa nyuma.

"Hukukosea kupanda," Faustina alisema taratibu. "Kama kuna kosa, ni la waliokuletea mche bila kukuuliza unaupanda wapi. Mlingoti juu ya kilima ni mali, mzee. Wala sisemi uiguse ile ya juu. Ila mlingoti kwenye jicho la maji ni dume la ng'ombe ambalo bado linanyonya. Mama yake atapona?"

Watu wakacheka. Baba hakucheka.

"Umezunguka sana," alisema. "Kasyelo, Kasyelo. Kasyelo ina watu. Kama ushahidi unao, taja. Hiyo miti inayonyonya ni ya nani?"

Nikasikia turubai likipigwa na upepo. Mzee Kalinga aliinama mbele. Mama yangu alikuwa amekamata ncha za kanga yake kwa mikono yote miwili. Nami nikamtazama Faustina, nikimsihi kwa macho, nikimwambia kimoyomoyo: ruka, mpenzi wangu, pita pembeni, sema "ya wanakijiji," sema lolote.

Alinitazama pia, kidogo tu. Kisha akainua kidevu.

"Ni ya Mzee Mwasomola," alisema.

Mtu fulani nyuma akavuta pumzi. Baba hakutikisika.

"Umetaja jina langu mbele ya watu."

"Nimelitaja, mzee. Nimelitaja kwa sababu ni kweli, na kwa sababu umeniuliza mwenyewe." Sauti ya Faustina ilianza kutetemeka, kwa mara ya kwanza tangu asimame, lakini hakuiacha ianguke. "Na ukiniruhusu, hii ndiyo mara ya mwisho. Sitalitaja tena mpaka naingia kaburini."

Loo! Kina mama walikuwa wa kwanza kuelewa. "Yuuu!" mmoja akaropoka, akajiziba mdomo. Mnong'ono ukapita kwenye madawati kama upepo kwenye mahindi. Msichana wa Kihehe, mwenye shahada yake, mbele ya kijiji kizima, alikuwa amemwomba baba yangu awe baba mkwe wake, kwa mila ya baba yangu, katika pumzi ile ile aliyomwambia miti yake imekula maji. Mimi mwenye mashairi sijawahi kutunga ubeti wenye nguvu kama ule.

Baba alimtazama. Alimtazama sana, kama mtu anayetazama mara ya mwisho kitu anachokipenda. Midomo yake ilicheza kidogo, sijui ni hasira, sijui ni nini.

Halafu macho yake yakashuka. Yakashuka mpaka chini, kwenye vumbi, yakabaki huko.

Mkono wake ukapanda polepole kwenye kofia. Akaivuta mpaka ikafunika nyusi. Akasimama, akageuka, akampa Faustina mgongo, na kuanza kusema na ukuta wa ofisi.

"Mwenyekiti! Wenye mashoka tukutane Kasyelo mchana huu. Ya juu ya kilima isiguswe, ya kwenye maji iangushwe yote." Akakohoa. "Na mtu mmoja amwambie yule... amwambie mke wa mwanangu, kwamba hiyo mivengi aliyoisema, ailete. Kupanda najua."

Hakupita njiani. Aliinama akapita katikati ya migomba ya nyuma ya ofisi, haraka haraka, kama mwizi, na majani yakafunga nyuma yake.

Kabla hata sijapata sauti, Mzee Kalinga alikuwa wima, kiti kimeanguka.

"Faustina! Chukua vitu vyako!" alinguruma. "Mtu mzima anampa mwanangu mgongo mbele ya watu wote hawa? Afadhali angemtukana! Nilisema hata ya kidole, mimi nimeonyeshwa mgongo mzima!"

Mimi nilikuwa nimekwisha kuruka dawati. Nilikuwa napiga kelele, sijui nasema nini, natupa kofia juu, vijana wenzangu wamenibeba begani.

"Na huyu anarukaruka!" Mzee Kalinga alinionyesha kwa fimbo. "Ni ukoo wa vichaa! Faustina, twende!"

"Baba, kaa!" Faustina alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Baba, amenikimbia!"

"Nimeona amekukimbia! Ndiyo maana tunaondoka!"

Vigelegele vikampiga masikio. Mama yangu alikuwa amefika mbele, amevua kanga yake ya begani, akamfunika Faustina kichwa mpaka mabega, kama tunavyomfunika mkamwana. Kina mama wengine wakamzunguka wakiimba. Kisha Mama akapiga goti mbele ya Mzee Kalinga, mbele ya buti zake zilizong'aa.

"Baba Faustina," alimwambia, "sisi huyu tumempokea. Mume wangu hatamtazama tena, wala hatakula naye, wala hatakaa naye. Kwetu anayetazamwa ni mgeni. Anayekimbiwa ni wetu."

Mzee alibaki na fimbo hewani. "Kwa hiyo... kama angekaa pale, akaendelea kumwangalia?"

"Mngeondoka na binti yenu, na mimi ningelia."

"Na mke wa mwana mwingine, huyo mliyenaye?"

"Hawajawahi kutazamana tangu siku ile. Na katika kijiji hiki hakuna anayemtetea kuliko mzee wangu. Ukimsema vibaya mbele yake, anakutoa kwa shoka."

Mzee Kalinga akakiokota kiti chake, akakaa. Akaangalia migomba iliyommeza baba yangu. Nikaona kitambi kikianza kucheka kabla ya mdomo.

"Kwetu Uhehe," alisema, "mtu akikupa mgongo, unachukua mkuki."

Nikapiga magoti kando ya Mama. "Kwetu, mzee, unachukua mke."

Alicheka mpaka akavua kofia. Alipopata pumzi akaninyooshea fimbo kifuani. "Rudini Kilolo na hiyo posa yenu. Na wewe njoo na shairi. Tutalionja, tuone kama linaliwa."

* * *

Mchana tuliteremka Kasyelo, mimi na Faustina, kanga ya Mama ikiwa bado begani mwake. Mashoka yalikuwa yakilia. Mlingoti mmoja ulipasuka, ukayumba, ukaanguka kwa kishindo, na mahali ulipokuwa pakaingia kipande cha mbingu ambacho sikuwahi kukiona pale tangu nizaliwe. Vijana wakashangilia.

"Ule mstari wa tatu," Faustina alisema, "umeubadilisha?"

"Umejibadilisha wenyewe." Nikamwimbia sikioni, taratibu, yeye peke yake asikie:

*Baba amekukimbia, sasa u wangu mwenyewe.*

Hakusema kama mizani imekaa. Aliingiza vidole vyake katikati ya vidole vyangu, akavibana mpaka vikauma, na mimi sikutaka aviachie.

Hapo ndipo tulipomwona Baba. Alikuwa mbele yetu, amevaa bado ile fulana yake ya kijani, imelowa jasho, shoka mkononi. Alisikia hatua zetu, akageuka, akaona kanga. Mzee yule ambaye sijapata kumwona akimpisha mtu njia ila shemeji, aliruka nyuma ya mlingoti uliokuwa karibu, akajibana pale, kiwiko kikichungulia upande huu na mpini wa shoka upande ule.

Faustina naye akavuta kanga usoni haraka, akanigeukia kifuani. Nilihisi anacheka kimya kimya, joto la kicheko chake likipenya shati langu.

"Tusa," alininong'oneza, "akimaliza kuiangusha yote, atajificha wapi?"

"Umpandie mingine."

Akachungulia kidogo kutoka kwenye kanga, pale chini mwanzi unapotoa maji, kisha kule juu kwenye kile kipande kipya cha mbingu.

"Nitampandia mivengi," alisema. "Minene. Mmoja unamtosha, na kofia yake."